Timu ya Marehemu Tukiran Yahamia Kwenye Kompyuta

Saa tatu asubuhi, zikiwa zimebaki siku mbili Idi iingie, Bu Wijiati, yaani Mama Wijiati kwa lugha ya huko, amepiga magoti juu ya mkeka wa plastiki. Anaigeuza mashine ya gemu kifudifudi, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto mwenye gesi tumboni. Anaipigapiga mgongoni. Anabonyeza kitufe. Anasubiri.

Televisheni ya kichogo iliyo mbele yake inabaki nyeusi.

"Jana ilisoma," anasema, wala hamwambii mtu.

Anaiegemeza ubavu kwa kipande cha tofali. Ndani, diski inakwaruza krr, krr, kisha kimya. Anachovya kijiti cha pamba kwenye spiriti na kupangusa jicho la mashine, kile kioo kidogo kama tone la maji kinachosoma diski. Ana miaka hamsini na tisa, na amekuwa akilisafisha jicho la namna hiyo tangu binti yake hajaanza shule.

Mlangoni pikipiki inazima. Ni Kuncoro, msambazaji wa mitungi ya gesi, mteja wake tangu enzi za kaptula. Anachungulia ndani bila kuvua kofia ya pikipiki.

"Vipi Bu, imeamka?"

"Imesujudu tangu asubuhi. Haijatoa salamu."

"Basi mwaka huu tutacheza karata."

"Karata mkachezee kwa wake zenu, muone kama mtapewa chai."

Kuncoro anacheka, lakini haondoki. Anaiangalia mashine ilivyolala, anaiangalia televisheni. "Wenzangu wameshapanda treni, Bu," anasema kwa sauti ya chini. "Bagyo kanipigia akiwa stesheni."

Wijiati anachukua kijiti kingine.

Kibanda chake ni chumba cha mbele cha nyumba yake, pembezoni mwa mji wa Tulungagung, Jawa Mashariki. Zamani kilikuwa na mashine nane na televisheni nane, mkeka kutoka ukuta hadi ukuta, na wateja waliokaa wamekunja miguu, mabega yakigusana. Leo iliyobaki hai ni moja tu, mashine namba tatu. Nyingine ziko kwenye kreti chini ya kitanda, zimepasuliwa kama kuku wa sikukuu. Hii ilitoa mota, ile ikatoa waya, na macho ya zote yalishahamishiwa kwa namba tatu, moja likifa linafuata jingine. La mwisho ndilo hilo analolipangusa.

Fundi wa mjini aliyekuwa akimuuzia macho siku hizi anatengeneza simu. "Nilimfuata," anasimulia Wijiati. "Akaniambia, Bu, hicho kidude kina umri sawa na ndoa yangu. Nikamwuliza, na mkeo umeshamtupa?"

Kwa kibanda peke yake asingeishi. Vijana wa sasa wana gemu kwenye simu, na wiki nyingine chumba kizima humwingizia rupia elfu ishirini, yaani sahani mbili za wali na kuku. Kinachomlisha ni vitumbua vya unga wa mchele anavyouza alfajiri sokoni. Kibanda anakiacha wazi kwa sababu ya siku moja katika mwaka.

Siku hiyo ni ya tatu ya Idi. Wanaume waliokulia kwenye mkeka huu, walioenda kutafuta riziki Surabaya, Jakarta na ng'ambo, hurudi kuwasalimu wazee. Wakishamaliza mashangazi na wajomba, huja kwa Bu Wiji. Huvua viatu mlangoni, hukaa chini, na kucheza mpira wa kwenye kioo mpaka jioni. Tangu mumewe afariki, Idi nne sasa, hajakosa kuwafungulia.

"Mlango ukifungwa siku hiyo," anasema, "ndiyo atakuwa amekufa kweli."

Mumewe, Tukiran, alirudi kutoka kazi za ujenzi Malaysia akiwa na akiba ya kutosha ng'ombe wawili. Akanunua mashine nne za gemu. "Mama mkwe alilia," Wijiati anakumbuka. "Akaniuliza, mwanangu, hivyo vitu vinatoa maziwa? Nikamwambia, Mama, vinatoa kelele."

Kelele zikajaa mtaa, na mashine zikaongezeka hadi nane. Watoto walikuja na sare za shule, na Tukiran akawarudisha shule kwa kuwavuta masikio. Wakaja tena jioni. Aliyefungwa alimwachia mwenzake stiki, kile kidude cha vitufe cha kushikwa kwa mikono miwili, na aliyeshinda aliendelea kukaa. Hakuna aliyeuliza zamu ni ya nani.

Wijiati naye alikuwa na yake. Mtoto ambaye muda wake umekwisha na hana hela aliweza kupewa dakika tano za bure, kama angetegua kitendawili. Kile walichokipenda kuliko vyote aliwatungia mwenyewe: "Ndugu wawili wamefungwa kamba kwa mama mmoja. Mmoja akifurahi, mwenzake ananuna."

Ni stiki mbili, zilizochomekwa kwenye mashine moja. Mtaa mzima unakijua. Kila mtoto mpya hukitegua akiwa tayari amenong'onezewa jibu, na Bu Wiji hujifanya hakusikia.

Lakini kilichowafunga zaidi ni timu. Kila kijana alipoaga kwenda kutafuta kazi, Tukiran alifungua ukurasa wa kurekebisha wachezaji, akafuta jina la mchezaji mmoja wa Ulaya na kuandika la yule kijana. Alimwekea urefu wake, nywele zake, mguu anaoutumia. Hakupendelea. Kuncoro, aliyekwenda Jakarta akarudi baada ya mwaka mmoja, alipewa mbio za bata.

Timu hiyo ilihifadhiwa kwenye kadi ya kumbukumbu, ndogo kama biskuti, iliyochomekwa kifuani mwa namba tatu. Mtu yuko kwenye kiwanda cha ng'ambo, anakunja mabati, na huku nyumbani kila jioni watoto wanamkimbiza uwanjani wakimwita kwa jina. Ndiyo maana wanarudi siku ya tatu. Wanakuja kujiona.

Jioni hiyo, baada ya kufuturu, binti yake Endah anashuka kwenye teksi na boksi kubwa amelikumbatia. Anafanya kazi ya kutengeneza kompyuta Surabaya, na hii ni yake mwenyewe, aliyoiunga kipande kwa kipande.

"Bu, namba tatu iache ipumzike," anasema akichomeka waya. "Mpira ni uleule. Kwenye kompyuta umekua tu."

Na kweli umekua. Kioo kinawaka na Wijiati anasogeza miwani. Nyasi zinaonekana moja moja. Mvua inanyesha na jezi zinaganda mgongoni. Kocha amesimama pembeni, kipara kinang'aa.

"Huyu ana kipara kabisa," Wijiati anasema. "Kwenye namba tatu kocha hana hata miguu."

Endah anafurahi. Anamweleza mama yake kwamba kwenye kompyuta unaweza kubadilisha karibu kila kitu, ukaweka jezi za mtaa, ukaweka hata uwanja wa mtaa. Kipande kikifa unanunua kipande, huhitaji kupasua mashine saba ili moja ipumue.

"Na ya jirani inaonekana hivihivi?"

"Inategemea, Bu. Mwenye kompyuta nzuri kwake mpira unateleza. Mwenye mbovu, unachechemea."

"Hapo ndipo siwaelewi. Namba tatu na namba saba zilikuwa sawasawa. Mtoto wa daktari na mtoto wa kinyozi, mashine ni ileile. Ukifungwa umefungwa, huna pa kusingizia."

"Walisingizia stiki."

"Hilo kweli," anakubali Wijiati. "Stiki zangu zimetukanwa sana."

Endah anavaa hedifoni na kuanza kucheza. Mama yake amekaa nyuma yake kwenye mkeka, na kwa kuwa kiti ni kirefu anachokiona zaidi ni kisogo cha binti yake.

"Nduk, binti yangu, unacheza na nani?"

"Na mtu, Bu. Yuko mbali, tumekutana mtandaoni."

"Jina lake nani?"

"Sijui."

"Ameshakula?"

Endah anageuka na kuvua hedifoni. "Nitajuaje, Bu?"

"Mimi niliwajua wote," anasema Wijiati. "Aliyekuja na njaa nilimjua kwa anavyoshika stiki."

Siku ya tatu ya Idi, kabla jua halijawa kali, viatu vimepangana mlangoni. Wamekuja sita. Bagyo, mwendesha kreni wa bandarini, amenenepa kiasi cha kupita mlango kwa ubavu. Kama ilivyo desturi ya Idi, wanapiga magoti mmoja mmoja, wanaushika mkono wa Bu Wiji na kuuinamia.

"Bu, nisamehe makosa yangu yote," Bagyo anasema, "ya mdomoni na ya moyoni. Na ile saa ya ukutani, nilikuwa nairudisha nyuma ili muda usiishe."

"Kumbe wewe? Mimi nimemlaumu Kuncoro miaka yote."

"Na mimi niliirudisha," anasema Kuncoro. "Siku zingine."

Wanacheka, kisha macho yanakwenda kwenye kona. Namba tatu iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cheupe chenye maua. Bagyo anajipangusa mikono kwenye suruali ingawa si michafu.

"Tuna hii," anasema Endah haraka, akimwita Bagyo Mas, yaani kaka. "Mpira uleule, Mas. Mzuri zaidi."

Kompyuta inawaka, lakini kabla ya mpira inataka kwanza ijisasishe. Mstari wa kijani unatambaa kwenye kioo. Unatambaa tena. Endah anaunganisha bando la simu yake, na la Bagyo.

"Inapakua nini?" anauliza Kuncoro. "Mchele?"

Hatimaye mpira unaanza. Bagyo anakalishwa kwenye kiti, mbele ya kibodi. Watano wamesimama nyuma yake, mikono mgongoni, kama ndugu wa mgonjwa wanaongoja daktari asome majibu. Ni kweli unapendeza. Wanausifu. "Angalia nyavu." "Angalia kivuli." Wanausifu kama mtu anavyosifu nyumba ya mwingine. Baada ya muda wawili wametoa simu mfukoni.

Jikoni, kuku wa nazi amekwishaiva. Wijiati anaosha mchele, anauweka kwenye jiko la umeme na kulichomeka ukutani.

Tak. Nyumba nzima inazima.

"Wali!" wanaitikia wanaume sita kwa pamoja, kama wanakwaya.

Kisha kicheko, cha kweli sasa, cha kushikana mabega. Mita ya nyumba hii ni ya wati mia tisa, na sheria ya kibanda ilijulikana tangu zamani: Bu akipika, zima mbili. Tukiran alikuwa anapita kati yao akionyesha kwa kidole nani azime, na wale wawili walikula wa kwanza ili wasinune. Miaka mingi ya mashine moja ilimfanya Wijiati aisahau sheria yake mwenyewe, na kompyuta ya Endah inakula umeme kuliko televisheni kadhaa.

Kuncoro anakwenda kupandisha swichi ya mita. Endah anakaa kwenye kiti, na kompyuta inaanza kujikagua upya. Mabao ya Bagyo yamepotea.

Wanaume hawaisubiri. Bila kuambiwa na mtu wanakaa chini kwenye mkeka, magoti yakigusana, na wote wamegeukia upande mmoja. Kompyuta iko migongoni mwao. Mbele yao ni televisheni ya kichogo, imezima, na wanaongea wakiitazama.

Endah anawaangalia kwa kitambo. Kisha anainuka kwenye kiti.

"Bu," anasema, "ile diski ya namba tatu iko wapi?"

Kompyuta, anawaeleza huku akifungua mkoba wa nyaya, inaweza kufundishwa kujifanya mashine ya zamani. Jicho lake ni zima. Diski inaingia. Kwa kidude kidogo cha kuunganishia, stiki za namba tatu zinachomekwa ubavuni. Wimbo wa kufungulia unapigwa, ule wa tarumbeta, na Bagyo anafunika mdomo kwa kiganja.

Lakini wachezaji wanapotoka uwanjani, chumba kinapoa.

"Huyu hana macho," anasema Bagyo.

Wote wanasogea. Kioo cha kompyuta kinaonyesha kila kitu bila huruma. Mchezaji ni vipande vya rangi vilivyokatwa kama bati, na usoni pana doa la kahawia tu. Kwenye nyasi hakuna nyasi.

"Alikuwa nayo," Bagyo anasisitiza. "Mshambuliaji wangu alikuwa na macho. Alikuwa ananiangalia kabla ya penalti."

"Hakuwa nayo, Mas," anasema Endah kwa upole. "Ni ukungu wa ile televisheni. Ulikuwa unamalizia wewe mwenyewe."

"Basi turudishie ukungu wetu."

Kuncoro anaruka kwenye pikipiki na kurudi na kidude cha kubadilishia waya, alichokiazima kwa jirani mwenye vyombo vya karaoke za harusi. Televisheni ya kichogo inanguruma, inatoa harufu ya vumbi lililopata moto. Picha inatulia. Ni gemu ileile, ndani ya kompyuta ileile, lakini sasa kingo zimelainika. Nyasi zimeota. Mshambuliaji wa Bagyo amesimama katikati ya uwanja, na wanaume sita wenye ndevu wanaweza kuapa kwamba anawaangalia.

Bagyo anafungua orodha ya timu. Majina ni ya Ulaya, yote.

Kadi ya kumbukumbu iko kwa namba tatu, na kompyuta haina pa kuichomekea. Wijiati anakwenda kabatini, anafunua kitambaa, anaichomoa. Inalala kiganjani mwake.

"Timu ya baba yenu imo humu," anasema. "Na humu haitoki."

Endah anainama. Kuncoro ndiye anayechukua stiki.

"Mimi nilikuwa winga wa kulia," anasema. Anafungua ukurasa wa kurekebisha, anafuta jina la Mzungu mmoja na kuanza kuandika, herufi kwa herufi. K. U. N.

"Mbio weka mbili," anasema Bagyo.

"Mbio naweka nane. Mwenye kuninyima hayupo."

"Mbili. Tulikuwa mashahidi."

"Na mimi nirudishieni nywele," anasema mwingine.

"Nywele zilizokwenda na mkeo?"

Stiki inazunguka. Kila mmoja anaandika jina lake, na anayekosea kimo chake anazomewa. Walioko ng'ambo wanaandikiwa na waliopo. Wanabishana nani alipiga kwa mguu wa kushoto. Wijiati, akiwa amesahau wali, anakata shauri: "Yule alikuwa wa kushoto. Stiki yake ilichakaa upande huo."

Inabaki nafasi ya kipa. Tukiran hakuwahi kuweka mtu golini. Alikuwa anamwacha Mzungu. Bagyo anashika stiki, anasita, anamtazama Bu Wiji.

"Alikuwa anakaa wapi, Bu?"

"Mlangoni," anajibu Wijiati. "Siku zote. Ili asipite mtu bila kulipa."

Bagyo anaandika T. Chumba kizima kinamsubiri mpaka herufi ya mwisho. Wanamwekea mwili mfupi, mashavu; ile kofia nyeusi ambayo Tukiran hakuwa akiivua haipo kwenye orodha, kwa hiyo wanampa nywele nyeusi zilizobana kichwani.

"Hiyohiyo," anasema Wijiati. "Kwenye ukungu itakuwa kofia."

Mechi ya kwanza, Bagyo anachukua timu ya mtaa, Kuncoro timu ya Wazungu. Kuncoro anapata penalti. Anavuta pumzi, anapiga kushoto. Kipa anaruka kushoto na kuudaka.

Kuncoro anashusha stiki.

"Mgumu vilevile," anasema Kuncoro, na kumpa stiki anayefuata.

Siku ya nne ya Idi wageni wameshapanda treni. Chumba kina harufu ya spiriti na kuku wa nazi. Kompyuta Endah ameiacha. "Nitaunga nyingine," alimwambia mama yake, na akaahidi kumtafutia Surabaya kidude cha kusomea ile kadi. Wijiati ameifunga kwenye leso.

"Kikipatikana, nitafurahi," anasema. "Kisipopatikana, hii ya sasa nayo ni timu. Ina kipa."

Anakunjua mkeka, anaupangusa. Kibanda atakifungua kila Jumamosi na Jumapili, mpira wa zamani kwenye televisheni ya kichogo, na anayetaka kuona jasho la kocha atawashiwa ule mpya. Vitendawili vitaendelea, ila kile kikuu amekirekebisha, na Kuncoro aliyesimamisha pikipiki mlangoni ndiye wa kwanza kutegewa.

"Ndugu wawili mama yao amefariki, wamelelewa na mama wa kambo. Na bado mmoja akifurahi, mwenzake ananuna."

"Stiki kwenye kompyuta," anasema Kuncoro. "Nipe dakika zangu tano."

"Zichukue mwakani."

Kuna jambo moja anataka kulikamilisha kabla ya mwakani kufika. Anataka watu wa umeme waje waipandishe mita, ivuke hizo wati mia tisa. Ameanza kutenga sehemu ya hela ya vitumbua. "Nataka Idi ijayo wali uive na mpira uendelee," anasema. "Asiambiwe mtu azime."

Kwa leo, anazima kompyuta, anachomeka jiko la wali, na kumuuliza Kuncoro kama ameshakula.